Hind Aliponyamaza

Zahran alikuwa amepiga magoti kwenye baraza ya duka moja la Mlandege, sikio kalibandika kwenye ubavu wa friji la soda. Saa nne ya asubuhi, mwaka wa tisini na sita. Watu wanapitana kwa mabega, wachukuzi wa mikokoteni wanadai njia, mwenye duka analalamika. Yeye hana habari nao.

"Unasikiliza taarabu?"

Aligeuka. Aliona kwanza viatu vyekundu vya kisigino, kisha buibui lililopigwa pasi vizuri, kisha uso mwembamba wenye miwani, unacheka.

"Namsikiliza anaumwa wapi."

"Na anasemaje?"

"Anajaribu kuwaka, anashindwa, anapumzika, anajaribu tena. Gesi anayo. Kilichokufa ni kile kidude cha kumwashia."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

"Hakuna najua tu," alisema yule mwanamke, akatoa daftari mkobani. "Hebu anza tena, polepole."

Harufu ya asumini ilimpiga Zahran puani. Akaanza tena, na ndivyo alivyonasa.

Hind binti Turki alikuwa amerudi kutoka India alikosomea kompyuta. Mradi mmoja ulimpa kazi ya kutengeneza programu ya kumuiga fundi: friji la chanjo likiharibika shamba, muuguzi apige simu mjini, karani amsomee maswali ya kompyuta, majibu yakiingia mashine iseme ubovu uko wapi. Kompyuta Hind aliijua. Mafriji hakuyajua. Ujuzi huo ulikuwa kichwani mwa Zahran, aliyeacha skuli darasa la saba na hajapata kuulizwa na mtu anafikirije.

Walifanya kazi miezi minne ofisini kwa Hind, Shangani, mlango wazi kwa ajili ya heshima. Kila alichokijua Zahran kilikatwa vipande vya "kama" na "basi". Kama injini inanguruma na baridi hakuna, basi tazama gesi. Kama bomba lina mafuta kwenye kiungo, basi gesi inavujia hapo. Walipofika kanuni ya mia na ishirini hawakuwa wakizungumza mafriji peke yake.

Jioni Hind hupiga simu dukani kwa Gulamabbas, jirani wa karakana ya Zahran, naye Gulamabbas huita mpaka mtaa wote usikie: "Zahran! Kompyuta inakutaka!"

"Naam, roho yangu."

"Roho yako nani? Mimi nataka kanuni. Friji likitoa jasho nje?"

"Mpira wa mlango umechoka. Kama mimi."

"Wewe umechoshwa na nani?"

"Na mwenye maswali."

"Basi kesho usije."

"Nshatia kanzu kwa dobi, ntakuja."

Siku ya kuijaribu programu, Zahran alikaa mbele ya mashine. Swali moja hakuwa na hakika nalo, akaliruka. Mashine ikatoa hukumu papo hapo: umeme haufiki.

"Jinga hii! Sijajibu, ishakata shauri."

"Usipojibu, inahesabu hapana," alisema Hind. "Nimeiandika hivyo ili isikwame. Haiwezi kukungoja mpaka Kiyama."

Zahran akaliweka hilo kichwani, pamoja na mengine yote aliyofundishwa na Hind. Kichwa chake hakikuwa na tabia ya kutupa kitu.

Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, shangazi yake, Bi Bahiya, alipeleka posa. Tangu siku ile Hind hakutoka kwenda kazini wala hakupiga simu, maana mwanamke aliyeposwa hazungumzi na mposaji. Bi Bahiya alirudi na uso umemkunjuka.

"Tayari, mwanangu. Mzee Turki kamwita, kamuuliza mbele yetu, 'Umeposwa na Zahran, unasemaje?' Mtoto kainamisha kichwa, kimya. Ijumaa twende tukasikilize mahari."

"Hakusema kitu?"

"Hata herufi."

"Basi usiende."

"Ala! Kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake. Hata miye nilinyamaza."

"Nyinyi zama zenu, shangazi. Huyu anauliza mpaka friji. Angenitaka angesema. Sitamwoa mtu kwa kuwa kashindwa kusema hapana mbele ya baba yake."

Bi Bahiya alimwita mjinga, tena mara mbili, lakini posa si yake. Zahran alichukua kazi ya kufunga mafriji kwenye hoteli iliyokuwa ikijengwa Nungwi. Ijumaa ilikuja ikapita.

Alhamisi ya wiki ya pili aliitwa kwenye simu ya hoteli.

"Zahran?"

"Naam."

"Mwanamume mwenye ndevu, unakimbia! Baba kakaa na kanzu mpya Ijumaa nzima, kahawa inapoa, hapana anayebisha hodi. Nimekukosea nini?"

"Uliulizwa, ukanyamaza."

"Ulitaka nipige vigelegele?"

"Ungesema ndiyo. Wewe mwenyewe umenifundisha, swali lisilojibiwa ni hapana."

"Ile ni mashine, Zahran! Nimeiandika hivyo kwa kuwa mashine haina haya. Mimi ninayo. Sasa sikiliza, haya yangu naivua: nakutaka. Kesho baada ya sala ya Ijumaa baba anampa jibu ami yangu wa Maskati, anayeniposea mwanawe. Usipotangulia, sitapinga. Sitamwaibisha baba mara mbili."

Akakata.

Zahran aliondoka alfajiri juu ya gari la samaki, kazi akaiacha nusu. Gari lilipata pancha mara mbili. Alipofika Kiponda adhana ilikuwa imeshatoka, na Mzee Turki anafunga mlango wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe?" Alimjua vizuri sana.

"Zahran, fundi wa mafriji. Nimekuja kuomba radhi, na kumposa Hind."

"Siku uliyongojwa hukuja. Leo hukungojwa, umekuja."

"Nilidhani hataki."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilijihukumia mwenyewe."

"Na leo nani kakwambia kama anataka?"

Kumtaja Hind ni kumvunjia heshima. Kusema uongo ni kuanza vibaya na mkwe.

"Mimi, baba," ilisema sauti nyuma ya mlango. "Nilimpigia simu. Namtaka huyu."

Mzee Turki aliutazama mlango, kisha akamtazama Zahran, shati lina magamba ya samaki, kucha zimejaa grisi.

"Posa hailetwi namna hii," alisema. "Kakoge. Shangazi yako aje baada ya alasiri, na asichelewe. Ami yake nitamjibu mimi."

Akavaa makubadhi yake, akashika njia ya msikitini, huku akinung'unika kwamba hotuba ishaanza.