Tunapunguza Wazee

Siku za Jumamosi Gladness hakungoja kuamshwa. Alichota maji bombani, akapiga deki chumba chao cha kupanga pale Kiboriloni, akabandika chai jikoni, kisha akafua vitambaa vya mama yake na kuvianika. Vilikuwa vitambaa vya kazi. Mama yake, Salvina, alifanya kazi ambayo watu wengi wa Moshi hawakuwahi kuisikia: alisaidia wazee kupanga na kupunguza vitu vilivyojaa majumbani mwao.

Kazi hiyo aliianza mwaka uliotangulia. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilipata mmiliki mpya, na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Miaka ile neno hilo, kupunguzwa, lilitajwa kila nyumba, na waliokumbwa nalo walirudi makwao kichwa chini. Salvina hakukaa kulia. Alimsaidia mzee mmoja wa Rau kuhamia nyumba ndogo, mzee akamsifu kwa majirani, nao majirani wakamwita. Lakini wateja wa Rau walikuwa wanakwisha. Sasa alitaka kujitangaza huko juu Uru, alikozaliwa.

"Uru kuna wazee wengi," alimwambia Gladness Jumamosi moja wakinywa chai. "Kitindamimba akioa anaachiwa nyumba kubwa, wazazi wanahamia ndogo, na vitu vinawalemea. Bibi Lukresia ameshaniahidi kazi. Nikiifanya vizuri, Uru nzima itanijua. Nikiharibu, basi, nirudi kutafuta kibarua."

Akamtuma binti yake Majengo kwa Fundi Primus, mwandika vibao. Gladness alikuwa darasa la sita, na mwandiko wake ulisifiwa shuleni hadi walimu walimpa yeye kuandika ratiba. Sifa hizo zilikuwa zimemkaa kichwani kidogo.

"Mwambie aandike hivi," mama akasema. "Tunasaidia wazee kupunguza na kupanga vitu majumbani. Usiongeze, usipunguze."

Fundi Primus aliyasikiliza maneno, akautazama ubao. "Maneno mengi, ubao mdogo. Herufi zitakuwa za kusoma kwa miwani."

Gladness naye alijiona mjuzi. Matangazo ya sabuni na soda kule stendi yalikuwa na maneno mawili matatu tu, tena mekundu, na kila mtu aliyasoma. Akachukua chaki akaandika sakafuni, akafuta, akaandika tena, akafuta tena. Mwishowe yakabaki maneno matatu ya kujaza ubao: TUNAPUNGUZA WAZEE MAJUMBANI, na chini yake, pembeni, jina la mama yake.

Fundi alijikuna sikio. "Mama yako ndivyo alivyosema?"

"Ndiyo, fundi," alijibu Gladness, bila hata kumeza mate.

"Haya. Mimi naandika ninachoambiwa."

Kibao kilipokauka, fundi akakipeleka Uru mwenyewe na kukipigilia kwenye njia panda ya kanisani. Salvina hakukiona, kwa sababu wiki nzima alikuwa kwa mteja wake wa mwisho wa Rau. Alingoja Jumapili kwa hamu. Siku hiyo alivaa kitenge chake kizuri, akamshika Gladness mkono, wakapanda Uru kusali.

Walipofika njia panda waliwakuta wazee wamesimama mbele ya kibao. Mbele yao wote alikuwa Bibi Lukresia na fimbo yake, akisoma kwa sauti, neno moja moja.

"Shikamoo, bibi," Salvina alisalimu.

"Marahaba. Mama Gladness, hebu nifafanulie. Tunapunguza wazee majumbani. Mume wangu, Mungu amrehemu, alipunguzwa kazini nikimwona kwa macho yangu. Sasa na mimi napunguzwa, tena nyumbani kwangu?"

Baadhi ya wazee walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Mmoja akasema kwamba watoto wa siku hizi wameona wazazi wamezidi, wameanzisha na kampuni. Salvina alikisoma kibao.

"Bibi, hayo siyo maneno yangu."

"Jina ni lako. Basi ile kazi niliyokuahidi, iache. Sirili atanisaidia." Sirili alikuwa kitindamimba wake, aliyekuwa anaachiwa ile nyumba kubwa.

Salvina aliona aibu, akapandwa na hasira. "Huyu fundi ameniponza. Kesho nakwenda Majengo. Ameniharibia jina, na lake nitaliharibu mji mzima."

Gladness alisimama nyuma ya mama yake. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Mama angemlaumu fundi, wazee wangemlaumu fundi, na yeye angebaki mtoto mwenye mwandiko mzuri. Lakini alimkumbuka Fundi Primus akijikuna sikio na kumwuliza, akaona hawezi. Ilimuuma mno kwamba mtu aliyeuliza ndiye angeadhibiwa.

"Mama, siyo fundi," alisema. "Ni mimi. Niliyakata maneno yako ili herufi ziwe kubwa. Aliniuliza kama ndivyo ulivyosema, nikamdanganya."

Salvina alimgeukia. Gladness alilia palepale, mbele ya watu waliovaa nguo za Jumapili, akamwomba radhi Bibi Lukresia na wazee wote.

Bibi Lukresia alimsogelea na fimbo yake. "Mjukuu wangu, wewe una maneno mafupi kweli," alisema, na safari hii wazee walicheka vizuri. Kisha akamgeukia Salvina. "Jumamosi njooni wote wawili. Mtoto anayesema kweli mbele ya watu hawezi kuniibia kijiko."

Wiki hiyo Gladness alikwenda Majengo kumwomba fundi msamaha, na kibao kikaandikwa upya kwa maneno yote ya mama, herufi ndogo.

Jumamosi, kabla ya kuingia kwa Bibi Lukresia, Salvina alichuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, akalifunga fundo, akampa binti yake. Kwao, mtu akiletewa isale ameombwa msamaha, na hakatai. Bibi alilipokea kwa mikono miwili.

Nyumba zote mbili, kubwa na ndogo, zilikuwa zimejaa mpaka darini: magunia, redio zisizolia, mitungi, mabeseni, viti vya miguu mitatu. Gladness aliona beseni lililopasuka, limejaa mifuniko isiyo na masufuria, akalibeba kwenda nalo shimoni.

"Hatutupi kabla ya kuuliza," mama yake alimwambia. "Mwenye kitu ndiye mwenye kauli."

Basi wakauliza, kitu kimoja kimoja. Walitandika majani ya migomba uani: hapa vya kubaki, pale vya kugawa, kule vya kutupa. Mashine ya kumenya kahawa Bibi aliipapasa, akasema ndiyo iliyomsomesha Sirili, kisha akampa jirani ambaye bado alikuwa na mibuni. Mitungi ya mbege, pombe ya ndizi, akampa mkwe wake mpya, mke wa Sirili. Lile beseni la mifuniko alilitupa mwenyewe, akicheka. Lakini walipofikia koti la kazi la marehemu mumewe alilishika, akakaa chini, akalikumbatia.

Gladness alifungua mdomo aulize. Mama yake akatikisa kichwa.

"Hili leo hatuliulizi," Salvina alisema taratibu, akalichukua, akalitundika kwenye nyumba ndogo, nyuma ya mlango. Bibi Lukresia alimshika mkono na kuubana. Hapo ndipo Gladness alipoielewa kazi ya mama yake, akajivunia kuwa mtoto wake.

Jioni nyumba ndogo ilikuwa na kitanda, kiti, meza na nafasi ya kupita. Sirili alitembea humo ndani akirudia, "Mama, kumbe una dirisha."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, Bibi Lukresia aliomba nafasi. Alieleza jinsi alivyoulizwa juu ya kila kijiko, na kwamba sasa analala bila kuogopa kuangukiwa na redio. Baada ya misa wazee walimzunguka Salvina.

"Si ninyi mnaopunguza wazee?" mmoja alitania.

Salvina angeweza kucheka tu na kupita. Badala yake alimvuta Gladness mbele. "Ndio sisi. Huyu ndiye aliyeandika, na ndiye aliyekiri. Ni binti yangu, nafanya naye kazi."

Bibi Lukresia aliweka mkono begani mwa Gladness. "Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri kikitangazwa kwa uongo, watu wanakikimbia. Tangazo ni ahadi, mjukuu wangu. Ukiiharibu, sema mwenyewe kabla mwingine hajaumia kwa ajili yako."

"Nimesikia, bibi," alijibu Gladness.

Siku hiyo Salvina aliteremka Kiboriloni akiwa na kazi za mwezi mzima, na Gladness alitembea kando yake kifua mbele.