Kishikio cha Mninga

Seremala aliinuka mbele ya televisheni akaushika ukuta kama mlevi, na pombe hajawahi kuionja. Mtu mzima na madevu yake, mchana kutwa anapigana na watu wa kwenye kioo.

"Kizunguzungu tena?" mkewe akamuuliza.

"Ni gemu tu. Linazungusha macho."

"Basi acha kulicheza."

"Na wewe acha kupumua."

Alitapika kwenye ndoo, akasukutua, akarudi kukaa. Kidude chake cha kuchezea kilikuwa kimevunjika ganda wiki ile, naye, kwa ule ubahili wa maseremala wasiotupa kipande, alikichongea ganda la mninga. Likamkaa kiganjani utadhani amezaliwa nalo.

Siku ya tatu mke akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Alizima jiko, harufu ikabaki. Ilitoka kwa mumewe. Akakitazama kioo: anayepigwa mle alikuwa mwanamke, amefunga kilemba cha njano kama chake.

"Huyo unayempiga ni nani?" akanong'ona.

"Sijui. Hafi."

Akainuka, akayumba, ngumi ikamtoka. Jino la mke likaangukia kwenye zulia.

"Nilikuwa natafuta pa kushika," akasema, mweupe kama chokaa.

Mke aliliokota jino. Alimwita shangazi wa mumewe, mganga asiyependa maneno mengi. Alifika kesho yake baada ya chakula, akakinusa kile kidude mkononi mwa mpwa wake.

"Mti huu umeutoa wapi?"

"Kitanda kimoja. Waliniletea nikichome."

"Cha nani?"

Seremala akainama. "Cha yule aliyemuua mkewe akiwa amelala. Lakini shangazi, mninga mzima ule. Ningeuchomaje?"

"Kiweke chini."

"Hakitoki," akasema polepole. "Tangu asubuhi hakitoki."

Kichwa kikaanza kumzunguka, macho yakageuka meupe, matapishi yakamchuruzika ndevuni, ila mkono haukuwa na kizunguzungu hata chembe, ukainuka umenyooka ukampiga mke shavuni, ukampiga mbavuni zikalia kama kuni kavu, ukamshika kilemba na nywele zake ukamburuta hadi karakana ya uani, na huku nyuma, ndani ya nyumba, televisheni ilikuwa ikilia kwa sauti ya mwanamke anayeomba maji, na shangazi akija mbio, ameshika kiuno, anasoma dua asiyoisikia mwenyewe.

Mke alikamata jiliwa, chuma kile cha kubania mbao, akauingiza mkono wa mumewe katikati, akazungusha. Akazungusha tena. Mifupa ikaitika mmoja mmoja, na kila ulipovunjika, sauti isiyo ya seremala ilimtoka kooni, nzito, ya mtu aliyeudhiwa usingizini. Shangazi akachukua patasi, akakibandua kile kishikio cha mninga kwenye kiganja, nacho kikatoka na ngozi yote. Akakimwagia mafuta ya taa, akakiwasha. Kilipiga kelele hadi kikawa jivu.

Halafu kimya. Hata televisheni.

Shangazi akajipangusa damu. "Jini limetoka," akasema. "Tena aliyepandwa hakumbuki kitu. Muulize, moyo wako utulie."

Mke akachuchumaa, mkono ubavuni. "Mume wangu, unakumbuka nini?"

Seremala alilia kwanza. "Yote."

"Yote?"

"Pigo la jana halikuwa langu. Naapa. Hata hili la shavuni halikuwa langu."

"Na la mbavuni?"

Akautazama mkono wake uliopondeka.

Shangazi akaiweka patasi chini. Kwa jini alikuwa na dawa. Mke akasimama kwa kujikokota, akaingia ndani, akatokea mlango wa mbele na viatu mkononi, maana kuvivaa kungemchelewesha.