Sanduku la Wageni

"Usimtie humo!"

Mwaisha aliutupa ufagio na kuvuka baraza mbio. Pazi alikuwa ameinamia sanduku kubwa la kioo, bakuli mkononi, na ndani ya bakuli samaki wa manjano, kitatange, akizunguka kama aliyepotea sokoni.

"Ndiyo salamu hiyo? Miaka mitatu hatujaonana, neno la kwanza ni usimtie?"

"Karibu Morogoro, Pazi. Lakini usimtie."

Pazi alikuwa ameshuka kwenye treni ya Dar es Salaam muda si mrefu, na pipa la maji ya bahari na vitatange wawili. Mwenye samaki, Mdachi mmoja mpimaji ardhi, alikuwa safarini Kilosa, na kama kawaida yake alimwachia Mwaisha kila kitu. Watu wa mjini walicheka sana: bahari iletwe kwa reli hadi chini ya Uluguru, kisha iwekwe sebuleni!

"Mgeni hukaa kule nyuma, kwenye sanduku la wageni," alisema Mwaisha. "Siku arobaini na mbili."

"Huyu? Tazama anavyong'aa!"

"Siku ya kwanza wote hung'aa. Na leo usiwape kitu. Mgeni siku ya kwanza halishwi, tumbo lake bado liko safarini."

Pazi alicheka, akaweka bakuli chini.

"Basi mimi siku arobaini na mbili sina. Ijumaa hii twende kwa mjomba wako, tufunge ndoa."

Ijumaa! Moyo ulimruka Mwaisha. Kila pipa lililopanda kutoka pwani lilikuja na kikaratasi cha Pazi, naye alivihifadhi vyote kwenye kikapu. *Maji haya nimeyateka mwenyewe. Niko peke yangu kama ulivyo.* Vikaratasi hivyo ndivyo vilivyomlaza na kumwamsha.

Lakini alikumbuka mwaka juzi. Pazi alituma samaki mmoja, naye kwa kumhurumia upweke akamtia moja kwa moja kwa wenzake. Katika siku kumi na mbili walikufa kumi na mmoja. Haraka ilikuwa imeshamfunza.

"Na wewe utangoja," alisema.

"Mimi si samaki, Mwaisha!"

"Ungekuwa samaki ningekuona madoa."

Pazi alifikia kwa shangazi yake ng'ambo ya mto, akawa anakuja kila alasiri.

Siku ya tano vitatange walikataa chakula. Walihema upesi upesi, wakajikwaruza ubavu kwenye jiwe, na mapezini yakatokea madoa meupe mfano wa chembe za chumvi. Mwaisha alichota maji ya mto yasiyo na chumvi, akayaacha yalingane joto na yale ya sandukuni, akawatia humo huku akisoma Fatiha mara kumi. Kisha akawarudisha na kutia mrututu, ile dawa ya buluu, kidogo, ncha ya msumari tu, kwa kuwa mrututu ukipungua hauponyi na ukizidi unaua. Mmoja alikufa usiku ule. Wa manjano alibaki.

Na Pazi naye alikuwa na lake. Kila treni ilipopiga honi alishtuka, akaacha maneno nusu, akakimbilia stesheni.

Siku ya tisa alikuja asubuhi, akitabasamu.

"Nimemwona! Hana doa hata moja. Kapona. Twende kwa mjomba."

"Hajapona. Madoa yameanguka mchangani, yanazaana. Baada ya siku chache hurudi mara mia." Mwaisha alimgeukia. "Pazi, stesheni unakimbilia nini?"

Pazi alijikuna mgongo kwenye nguzo ya baraza.

"Barua. Nilitaka niipokee kabla hujaisikia."

"Ya nani?"

"Ya Chausiku. Nilimuoa Dar, mwaka wa pili. Tumeachana mwezi wa Rajabu. Nina binti, Mosi. Ameanza kutembea."

Ng'ambo ya ua kuku alitetea, akanyamaza.

"Mwaka wa pili," alisema Mwaisha. "Ndio ule uliokuwa ukiniandikia uko peke yako?"

"Niliogopa utachoka kungoja."

"Jioni watu wakienda kwao, mimi hukaa hapa na samaki wasiosema. Najiambia si neno, huko pwani naye yuko mmoja kama mimi, basi tuko wawili. Kumbe upweke ulikuwa wangu peke yangu!"

Hilo ndilo lililomuuma. Si mke, wala mtoto.

"Nisamehe, Mwaisha."

"Doa likionekana hesabu huanza upya. Leo ni siku ya kwanza. Usipoweza, treni ya Dar inaondoka alasiri hii."

Pazi alichukua kofia yake, akateremka ngazi.

Alasiri honi ililia, mabehewa yakagongana, mji ukanyamaza. Mawingu yalishuka yakaifunika Uluguru yote. Mwaisha alimtazama kitatange akienda kona hadi kona, hana mwenzake. Alishika kikapu cha wavu amtoe ampeleke kwa wengine, walau mmoja wao asilale mpweke. Akawakumbuka wale kumi na mmoja. Akakirudisha kikapu msumarini, ndipo machozi yakamtoka.

"Hodi."

Pazi alisimama chini ya ngazi, vumbi hadi magotini.

"Nilidhani umepanda," alisema Mwaisha.

"Nilikwenda kumpa gadi wa treni neno la kumfikishia Chausiku. Barua zake zote sasa zije kwa jina lako. Uzisome wewe kwanza."

Pazi alipanda, akapita sebule na sanduku lake kubwa, akaenda kuketi sakafuni kule nyuma, karibu na sanduku la wageni.

"Njaa inaniuma," alisema. "Hakuna hata kiporo?"

Mwaisha aligeuka ukutani asimwone akifuta macho.

"Mgeni siku ya kwanza halishwi," alisema. "Njoo kesho."