Alama ya Kuishia

Kiti kilikuwa kitupu. Fundi alijua kabisa kwamba alipoinuka kwenda kuinjika chai, dada yake alikuwa amekaa kwenye kile kiti, ndani ya picha, mikono mapajani, na mumewe amesimama nyuma kwa mikogo yake ya siku zote. Sasa dada alikuwa amesimama pembeni ya kiti, na chai ilikuwa haijachemka.

“Nimegusa kitu,” alijiambia.

Hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Kazi yake ilikuwa kuzitembeza kwenye kompyuta picha zilizosimama. Unaweka alama mahali picha inapoanzia, unaweka nyingine inapoishia, na mashine yenyewe inajaza safari ya katikati. Mchana ule alikuwa amemkata dada yake kutoka kwenye picha, akamweka kwenye tabaka lake peke yake, akaziba tundu lililobaki, kisha akaweka alama ya kuanzia. Hapo machozi yakamzidi, akakimbilia jikoni bila kuweka ya kuishia. Lakini bila alama ya pili picha haiendi popote. Hata aliyejifunza juzi anajua hilo.

Aliyeileta picha ni shemeji yake mwenyewe. Mwaka ulikuwa unatimia tangu mkewe atumbukie kwenye tangi la maji lililochimbiwa nyuma ya nyumba, na bwana alitaka filamu ya kumbukumbu, yenye muziki wa huzuni, watu waone anavyomlilia. Na huku mtaa mzima ulijua keshaanza kuposa kwingine. Fundi aliipokea kazi kwa sababu moja tu. Kipusa, mtoto wa dada, alikuwa bado anaishi na baba yake, na ukigombana na yule mwanamume, mtoto humwoni tena.

Akamrudisha dada kitini, akaicheza video.

Dada akainuka. Aliinuka polepole, bila kukunja goti, akapita mbele ya mumewe bila kumwangalia, akazidi kusogea kuelekea ukingo wa kioo, na kadiri alivyosogea ndivyo chumba kilivyozidi kunuka maji yaliyolala muda mrefu gizani, na kwenye spika, ambako Fundi hakuwa ameweka sauti yoyote, kukaanza kusikika mtu akigonga chuma kutoka chini, ngo, ngo, ngo, bila haraka, kama anayejua kwamba anayemgongea yupo na anamsikia, mpaka dada akaufikia ukingo, akaupita, na pale kwenye picha wakabaki mume na kiti.

Fundi hakupiga kelele. Alitoka nje na kanga bega moja, akaenda kumwita mganga wa mtaa wa pili, mwanamke wa makamo mwenye miwani minene. Mganga alifika mlangoni, akavuta pumzi, akakataa kukaa.

“Huyu si dada yako,” alinong'ona.

“Namjua dada yangu.”

“Unaijua sura yake. Dada yako amepumzika, mwanangu. Ila kuna wengine hawana sura, wanangoja ya kuazima. Wewe umemkata mtu, ukamfungulia njia, hukumwambia akome wapi.”

“Nifanye nini?”

“Weka hiyo alama yako pale pale kitini, akae. Kisha futa kila kitu. Na usimtume kwa mtu, hata kama mtu huyo amestahili.”

Simu ikalia. Alikuwa shemeji, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza huku akichungulia nyuma.

“Shemeji, umeifanya nini ile picha?”

“Kwani vipi?”

“Kuna nyayo za maji sebuleni. Zinatoka nyuma ya nyumba. Nikizifuta zinarudi. Na kuna mtu anagonga mfuniko wa tangi, kwa ndani.”

Fundi aliibana simu sikioni. “Ulituambia ulilikuta tangi liko wazi.”

Kwenye simu kukasikika chuma kikigongwa, ngo, ngo.

“Nani alilifunika siku ile?” aliuliza Fundi.

“Aliteleza mwenyewe, haki ya Mungu. Nilimkuta anaita. Tulikuwa tumegombana asubuhi, nikasema akae humo kidogo, adabu imrudie. Nilifunika tu. Nikaenda kuoga.” Akaanza kulia. “Ifute, nakusihi.”

“Mlete mtoto,” alisema Fundi. “Mlete sasa hivi, ndipo nifute.”

Jua lilikuwa linazama shemeji alipomshusha Kipusa mlangoni na mfuko wake wa nguo. Hakuingia wala hakumtazama Fundi usoni, aligeuza gari akarudi kwake. Fundi alimwekea mtoto chai na mkate mezani, akaketi mbele ya kompyuta. Mganga alimwekea mkono begani.

“Kitini, mwanangu.”

Fundi aliikamata alama ya kuishia. Aliipitisha juu ya kiti, akaisogeza nyuma yake, akaibandika kooni kwa shemeji. Kisha akaicheza. Dada alirudi kutoka nje ya picha, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mumewe, na safari hii alipofika alisimama. Simu ililia ikalia. Fundi aliiacha ilie mpaka ikakatika yenyewe, na ukweli usemwe, alifurahi, furaha ambayo hakuwahi kuionja tangu siku walipomtoa dada yake majini. Mganga aliuchukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

“Mama mdogo,” aliita Kipusa taratibu, mkate mkononi. “Baba hatakuja tena?”

“Hatakuja. Utakaa na mimi.”

Mtoto aligeukia pembe ya chumba, ambako hapakuwa na mtu, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa.

“Mama anasema kule amemaliza. Anauliza sasa aende kwa nani.”

Fundi alifungua mdomo aseme basi, hakuna mwingine. Lakini kabla hajatamka, ilimpitia akilini sura ya yule mwanamke aliyekuwa anaposwa, mtu ambaye hakuwa amemkosea yeyote.

“Haya,” alisema Kipusa, akarudi kwenye chai yake. “Ameshamjua.”