Mtu wa Kipawa

Nassibu, jirani yetu wa Keko, alidai kwamba mtu mmoja wa Kipawa alipasuliwa kidonda cha njia ya haja kubwa, akatoka hospitali hawezi kujizuia tena. Kila alipoketi barazani, wenzake walihama. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nassibu alikuwa mtani wetu, na mtani hakasirikiwi hata akikejeli maiti msibani.

Baba yangu, fundi seremala Albano, hakucheka. Alikuwa na kidonda cha aina hiyohiyo tangu masika. Alikula kidogo ili asiende chooni, kumbe choo kilizidi kuwa kigumu na kumchana upya.

Hospitali alipewa marhamu ya kupaka, akaambiwa aketi kwenye beseni la maji ya vuguvugu, anywe maji mengi, ale mapapai na mboga. Alipata nafuu, kisha maumivu yakarudi. Mama alimsindikiza tena. Daktari akawaeleza kuwa marhamu huponya wengi na ndiyo hutangulia, lakini kidonda hiki kilikuwa kimekomaa. Kukata kidogo msuli unaobana njia ya haja kungekiponya kwa uhakika zaidi. Hakuficha hatari: wachache hushindwa kuzuia upepo, mara chache hata choo.

Baba alikataa. Alimwogopa mtu wa Kipawa.

Siku aliyoanguka karakanani kwa maumivu, nilimwendea Nassibu.

"Shikamoo, mzee. Yule mtu wa Kipawa anaitwa nani? Baba akamwone."

"Marahaba. Wee mtoto nawe! Ule utani tu. Hakuna mtu."

Nilimsogelea kwa hasira. "Kwa hiyo baba anateseka kwa ajili ya mtu asiyekuwapo?"

 Mie nilikimbia nyumbani, nikamwambia baba yote. Kesho yake akaenda kupasuliwa. Kidonda kilifunga, na siku moja akaketi mkekani akala ugali nasi bila kukunja uso.

Mama alisema, "Utani ni mzuri kwa mzima. Mgonjwa anahitaji ukweli. Nawe Albano, ungemwamini daktari badala ya kumsikiliza Nassibu, usingeumia hivyo."

Jioni ya siku hiyo Nassibu akaja na jogoo mkononi. Kwa mara ya kwanza hakuingia na matusi yake ya utani. Alisimama mlangoni mwa karakana.

"Mtani wangu, nisamehe."

Baba hakumpokea jogoo; aliinua randa, akaendelea kulainisha ubao.