Swali Alilouliza Nilda

"Dada, naomba ukasubiri nje," daktari Ivonne alisema kwa mara ya pili.

"Nikitoka, nani atakujibu?" Felisa aliuliza. Mkono wake ulikuwa bado begani kwa mdogo wake. "Huyu bila mimi hasikii kitu."

"Ndiyo maana yuko hapa."

Felisa alitoka shingo upande, akaketi kwenye benchi la korido, mgongo kwa mlango. Mlango hakuufunga.

Teodoro Colque alikuwa na miaka ishirini na tisa. Miaka miwili nyuma, baruti ililipuka kabla ya wakati wake ndani ya mgodi wa bati, nje kidogo ya mji wa Oruro. Alitoka hai, ila masikio yalibaki na mvumo tu. Tangu siku hiyo dada yake Felisa ndiye aliyemsikilizia dunia. Waliyosema watu alimwandikia kwenye kijidaftari. Simu zake zilipigwa kwa namba ya Felisa, na Felisa ndiye aliyezijibu. Alishamwambia kwamba hospitalini walisema hakuna la kufanya, naye akaamini. Ni daktari Ivonne, alipokuja sokoni kupima watu masikio bure, aliyemkuta anashusha magunia ya viazi, akampima, kisha akamwandikia: Usikivu wako haujaisha wote. Njoo kliniki.

Sasa daktari alimvalisha mashine mbili ndogo nyuma ya masikio, akaingiza vipande vya plastiki vilivyofinyangwa kwa umbo la masikio yake, akabonyeza kitu kwenye kompyuta.

"Unanisikia?"

Teodoro alishtuka. Sauti ilikuwa kama inatoka ndani ya debe, lakini ilikuwa sauti ya mtu.

"Nakusikia," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha zaidi.

Daktari alimwambia polepole kwamba mwanzoni kila kitu kitakwaruza, azoee kidogo kidogo. Akamtaka atembee hadi mlangoni na kurudi, amwambie anasikia nini. Teodoro alisikia viatu vyake. Alisikia kiti kikiburuzwa. Alipofika mlangoni, alisikia simu ya Felisa ikiita.

Felisa alipokea bila kugeuka. Miaka miwili ya kuishi na kiziwi ilikuwa imemfundisha kuongea kwa sauti ya juu, popote alipo.

"Nilda, nani kakwambia tuko kliniki? Acha kumfuata mdogo wangu."

Teodoro alisimama palepale. Jina lile hakuwa amelisikia tangu mlipuko.

"Ya Jumapili ni yako. Kama wazazi wa huyo dereva wanakuja kukuposa, wapokee. Teodoro ulimuuliza mwenyewe kama anataka uondoke, akaitikia kwa kichwa mbele ya macho yako. Unataka nini tena?"

"Dada."

Felisa aligeuka.

"Nilda aliuliza nini siku ile?" Teodoro alisema.

Siku ile aliikumbuka vizuri. Alikuwa na bandeji kichwani, ndiyo kwanza ametoka hospitali. Nilda Achacollo, mchumba wake, binti aliyekuwa akidarizi mavazi ya wacheza ngoma wa sherehe za Kanivali, alisimama mlangoni akilia, midomo inakwenda haraka. Felisa aliandika kwenye daftari: Anaomba umwachilie. Hawezi kuolewa na kiziwi. Unamwachilia? Teodoro alisoma mara mbili, akaitikia kwa kichwa. Nilda akaondoka bila kuaga.

"Umechoka, mdogo wangu. Hizo mashine bado hujazizoea, umesikia vibaya," Felisa alisema.

"Nimesikia vizuri. Aliuliza nini?"

Felisa alitazama sakafu. Simu ilikuwa bado hewani mkononi mwake.

"Alisema nikuulize kama unataka aondoke," alisema mwishowe. "Alikuwa tayari kuolewa nawe hivyo hivyo ulivyo."

"Na wewe ukaandika nini?"

"Nilikulea tangu mama afariki. Mwanamume aliyetaka kunioa nilimkataa kwa ajili yako. Ungeondoka na Nilda, mimi ningebaki na nani? Niambie, ningebaki na nani?"

Teodoro alinyoosha mkono, akachukua simu. Aliiweka sikioni, mashine ikapiga mluzi. Ndani yake alisikia kama mtu analia mbali sana, lakini maneno hakuyapata.

"Nilda, ni mimi. Kwenye simu bado sisikii. Niandikie."

Alisubiri akiwa ameikodolea macho skrini. Daktari Ivonne alikuwa ameshatoka hadi mlangoni. Ujumbe ukaingia:

"Nimesikia yote. Usiondoke hapo."

Nilda alifika baada ya nusu saa, vipande vya uzi wa dhahabu vimenasa kwenye sweta yake. Alimpita Felisa bila kumtazama, akasimama mbele ya Teodoro.

"Unanisikia?"

"Ukiongea taratibu."

"Nina hasira na wewe," Nilda alisema taratibu. "Daftari lilikuwa pale. Kalamu ilikuwa pale. Ungeweza kuniandikia mwenyewe."

"Niliona aibu. Niliamini umenichoka."

"Na mimi niliamini umenifukuza. Ningejua, ningeichukua ile kalamu kwa nguvu." Alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Jumapili watu wanakuja nyumbani. Nikiwaambia wasije, hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo niambie kwa mdomo wako."

"Waambie wasije, Nilda. Nitakuja mimi."

Jumapili Teodoro alikwenda kwao Nilda. Kwa dada yake alikuwa ameshahama, amepanga chumba karibu na soko. Felisa alimtumia ujumbe kila asubuhi kwa wiki sita, na wiki zote hizo hakumjibu.

Harusi ilikuwa Agosti, kwa baridi kali. Wageni waliwamwagia vikaratasi vya rangi vichwani, na bendi ya matarumbeta ilipoanza, Teodoro ilibidi apunguze sauti ya mashine. Ndipo alipomwona Felisa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, koti halijavuliwa, kama mtu anayejiandaa kufukuzwa. Nilda alimwona pia. Aliinuka na gauni lake jeupe, akachukua sahani ya nyama na viazi, akampelekea. Walizungumza kidogo, kisha akarudi kuketi.

"Anasemaje?" Teodoro aliuliza.

Nilda alisogea hadi karibu na sikio lake, matarumbeta yasimeze sauti yake.

"Ameniomba msamaha."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia ale kwanza."