Mwani Uliopauka

Mimi na mkaza mwanangu tunalima mwani mwekundu. Tunafunga vipande vyake kwenye kamba, kamba tunazikaza kwa vigingi baharini, kisha tunasubiri ukue.

Msimu mmoja wa joto, matawi yakaanza kupauka. Tulikuwa tumebakiwa na kamba tatu tu za mbegu. Zikifa hizo, shamba limekwisha.

"Tuzisogeze ufukweni," nikaamuru. "Huko jua linafika mpaka chini. Zitashiba."

"Mama, maji ya huko yanachoma miguu."

"Miguu yako imedekezwa!"

Tukazisogeza. Siku ya nne, mwani mwingi ulikuwa mweupe na laini, ukikatika mkononi. Nikamtuma mkaza mwanangu akaite msaada.

Akaja bwana mwani, kijana anayewafundisha wakulima. Adhuhuri akatumbukiza kipimajoto palepale ufukweni. Nyuzi thelathini na nne.

"Bibi, umeupika huu."

"Basi leta sahani, mume wangu."

Akacheka, akatupeleka mpaka maji ya kifuani. Nyuzi ishirini na nane.

"Mwani hula mwanga," akasema. "Lakini jua likizidi na maji yakipata moto, unadhoofika, ugonjwa unaingia. Hata ute wake, ule unaotiwa kwenye dawa ya meno ili iwe nzito, hupungua nguvu."

Mkaza mwanangu akamwonyesha kipande cha manjano. "Na hiki kinakufa?"

"Kibinye."

"Kigumu."

"Basi ni kizima. Wekundu wa mwani ndio unaonasa mwanga. Jua likiwa kali, mwani hupunguza wekundu. Mwanga ukiwa hafifu, huongeza."

"Wenyewe?" nikauliza. "Bila kuambiwa?"

"Wenyewe, bibi."

Tukakata sehemu zote nyeupe, tukazitoa baharini. Vipande vigumu tukavifunga upya kwenye maji ya kina, kamba zikielea kwa chupa tupu.

Baada ya wiki tatu nikainua kamba. Vile vya manjano, nilivyovifunga kwa mikono yangu, vilikuwa vimeiva rangi ya damu ya mzee, vinene, vizito. Mwili ukanisisimka. Mwani hauna jicho, lakini unalijua jua kuliko mimi niliyeliota miaka sabini.

Kamba tatu zikazaa tisa. Siku hizi mkaza mwanangu ndiye anayechagua kina. Mimi nabeba vigingi nyuma yake, mama mkwe mtiifu kuliko wote.